Maswali na Majibu: Akili Mnemba Kazini

Watumishi wa chama chetu cha akiba na mikopo hubandika orodha za wanachama kwenye programu ya akili mnemba ili iwaandalie ripoti. Tuipige marufuku? (Meneja, Mwanza)

Mwaka 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia programu za aina hiyo baada ya baadhi yao kubandika msimbo wa siri wa programu za kampuni kwenye ChatGPT. Kwa chama kidogo, marufuku tupu itawahamishia watumishi kwenye simu zao binafsi, ambako hamtaona lolote. Afadhali muandike bayana kisichotoka kamwe: namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), namba ya simu, salio na historia ya marejesho. Kufuta majina pekee hakutoshi, kwa kuwa kijiji, umri na kiasi cha mkopo vikikaa mstari mmoja, jirani atamtambua mwanachama huyo. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya Tanzania, na seva za programu nyingi za namna hii ziko huko nje.

Mfumo wa akili mnemba ukimpotosha mteja, si kosa la aliyetuuzia? (Nairobi)

Mteja hamjui aliyewauzia, anawajua ninyi. Februari 2024 baraza la kuamua migogoro la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa na roboti ya mazungumzo ya tovuti yake kuhusu nauli nafuu ya msiba, na likakataa hoja (ya ajabu, kusema kweli) kwamba roboti hiyo inawajibika yenyewe. Mkataba mzuri na muuzaji unaweza kuwarudishia fedha, lakini haufuti wajibu wenu. Kwa Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine pekee katika jambo linalomwathiri kwa uzito, kwa hiyo ombi la mkopo lililokataliwa na mfumo lipitiwe na afisa mwenye mamlaka ya kutengua, wala si wa kubofya “thibitisha” tu.

Tunahitaji kamati ya kusimamia mifumo hii? (Mombasa)

Si lazima. Wekeni daftari la mifumo mnayotumia, taarifa inazopokea na afisa anayeuwajibikia kila mmoja. Taarifa zikivuja na kuwepo hatari ya madhara, Kamishna wa Data wa Kenya anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Mkigundua Ijumaa jioni, muda unakwisha Jumatatu jioni, na kamati huenda haijafikisha akidi.