Usiweke LD_LIBRARY_PATH kwenye .bashrc, tafadhali

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema uko kwenye seva ya pamoja, huna sudo (ruhusa ya msimamizi), unataka kukompaili tmux (programu ya kuendesha madirisha mengi ya terminali) kutoka msimbo chanzo ikae kwenye saraka yako ya nyumbani, umeshashusha libevent na ncurses, maktaba inazozihitaji, na kuna mwongozo umekuambia umalizie kwa kuweka mstari huu kwenye .bashrc, faili linalosomwa kila unapofungua bash:

export LD_LIBRARY_PATH=$HOME/local/lib:$LD_LIBRARY_PATH

Usiuweke. Kama umeshauweka, ufute kwanza ndipo uendelee kusoma.

Mstari huu nauona kila mahali na unaniudhi sana, maana wanaoueneza hawasemi unafanya nini. Hauigusi tmux yako peke yake. Unasomwa na ld.so, ile inayotafutia programu maktaba zake kila zinapoanza, nayo huanza kutafuta humo kabla haijafika /lib na /usr/lib. Inafanya hivyo kwa ls, git, ssh, python, hata kwa kompaila unayoitegemea. Ni kugeuza vibao vya barabara vya mji mzima ili mgeni wako mmoja afike nyumbani.

Mimi nilipewa mstari huo huo na mtu aliyejiita mtaalamu. Mwanzoni kila kitu kilikwenda vizuri, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: hauumi siku unapouweka. Baadaye nikahitaji OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) ya toleo jingine kwa programu nyingine, nikaiweka kwenye local/lib ile ile. Faili lake linaitwa libcrypto.so.3, na la mfumo nalo linaitwa libcrypto.so.3. Jina ni lile lile, la kwangu linakutwa kwanza, basi linachukuliwa. ssh ikagoma kuwaka, ikaishia kuandika "OpenSSL version mismatch". git nayo ikalala, kwa kuwa nilikuwa nasukuma kupitia ssh. Nikawaandikia wasimamizi kwamba seva imeharibika. Wakanijibu kwao iko salama, na walisema kweli, kwa akaunti zao ilikuwa salama.

Hasara kubwa ilikuja baada ya hapo. Niliufuta mstari, nikafungua dirisha jipya, kosa lile lile. Nikafuta OpenSSL yangu, nikaijenga upya, nikahangaika na matoleo, bure. Sababu ni kwamba nilikuwa ndani ya tmux, na seva ya tmux (mchakato wake unaobaki nyuma) hutunza vigezo vya mazingira ilivyowashwa navyo, na kila dirisha jipya linavirithi. Ukisafisha .bashrc, kigezo hakiondoki. Unaacha tu kukiweka upya. Ushauri niliopewa ni tmux kill-server, na kazi za hesabu zilizokuwa zinaendelea humo zikafa zote. Hakuna aliyeniambia kwamba ingetosha:

tmux set-environment -gu LD_LIBRARY_PATH

kisha unset LD_LIBRARY_PATH kwenye kila dirisha ambalo lilikuwa wazi tayari. Kazi zingeendelea bila kuguswa.

Na bado kuna hili. Angalia mwisho wa mstari wako. Kama kigezo kilikuwa kitupu, kinachobaki ni nukta mbili (:) zisizofuatwa na kitu, na kwa ld.so nafasi tupu maana yake ni saraka uliyosimama. Ukiingia /tmp, ambako kwenye seva ya pamoja kila mtu anaandika, programu zako zinaweza kupakia maktaba iliyowekwa humo na mtu usiyemjua. Anayefundisha watu hivi bila kuwaonya anawakosea.

Kanuni yangu ni hii: njia ya maktaba iandikwe ndani ya programu yenyewe wakati wa kuilinka. Basi.

P=$HOME/local
export PKG_CONFIG_PATH=$P/lib/pkgconfig
./configure --prefix=$P CPPFLAGS="-I$P/include" LDFLAGS="-L$P/lib -Wl,-rpath,$P/lib"
make && make install

Kiini ni hiyo -Wl,-rpath, ndiyo inayoandika njia ndani ya programu. Anza na libevent, kisha ncurses, mwisho tmux, na ipe kila moja LDFLAGS hizo hizo. Usiseme utaiwekea tmux peke yake: RUNPATH ya programu (njia hiyo iliyoandikwa ndani yake) hutumika kutafuta maktaba inazozihitaji moja kwa moja, haizisaidii maktaba hizo kutafuta za kwao. Na usiandike ~ humo. Ikiwa katikati ya neno bash haiibadilishi, itaandikwa ndani ya programu kama ilivyo na haitapatikana kamwe. ncurses usipoipa --with-shared hujenga faili za .a (maktaba tuli) tu, ambazo zinamezwa ndani ya tmux, kwa hiyo huko huna cha kuhofia. Vichwa vyake (faili za .h) mara nyingi hukaa kwenye saraka ndogo chini ya include. Configure ya tmux ikilalamika haivioni, ongeza -I ya hiyo saraka. Jibu la kweli la malalamiko yoyote ya configure liko ndani ya config.log, karibu na mwisho, kabla ya ile orodha ndefu ya vigezo.

Kama una programu iliyokwisha kukompailiwa na huwezi kuijenga upya, tumia patchelf --set-rpath, inayoandika njia hiyo ndani ya faili lililokwisha kujengwa. Ikishindikana kabisa, weka LD_LIBRARY_PATH kwenye mstari mmoja na amri hiyo, iishie hapo.

Ukishamaliza make install, kabla hujaiwasha, endesha hizi mbili:

readelf -d $HOME/local/bin/tmux | grep -i path
ldd $HOME/local/bin/tmux

Ya kwanza ionyeshe RUNPATH (au RPATH, kwenye baadhi ya mifumo) yenye njia kamili ya local/lib yako, ya pili ionyeshe libevent inatoka kwako na libc inatoka kwenye mfumo. Ikiwa hakuna hata moja kati ya hizo, usikimbilie .bashrc. Bandika hapa matokeo yote mawili pamoja na mstari wako wa configure, nitakuangalizia.