Jibu: Karura au lami ya Tigoni, kwa baiskeli moja tu

Habari ya jioni ndugu. Umesema unakaa Ruaka, pembezoni mwa Nairobi, pesa inatosha baiskeli moja, na umekwama: ya milimani uzungukie Msitu wa Karura ulio jijini, au ya mbio ya kupandia mlima wa lami hadi Tigoni, huko karibu na Limuru.

Kwanza angalia saa zako. Karura ina lango, kiingilio na muda wa kufunga. Ukitoka kazini saa kumi na mbili jioni umeshachelewa. Barabara haifungwi, ila ni afadhali alfajiri ya Jumapili, matatu zikiwa bado chache.

Mimi napenda msitu, sifichi. Makutano ya njia yana vibao vya namba, na hakuna dereva wa kukubana ukingoni. Lakini ule udongo mwekundu! Mvua ikinyesha unang'ang'ania tairi kama ugali, unajaa kwenye breki mpaka gurudumu linagoma. Lami nayo ina raha yake: mlima mrefu, mashamba ya chai, pumzi ikishika mdundo mmoja.

Ningekuwa wewe ningechukua ya milimani yenye foki ya mbele (ule uma wa springi unaoshika gurudumu) inayofungika isibonyee. Siku ya lami, weka tairi zisizo na meno, ongeza upepo, funga foki, twende. Wenye baiskeli za mbio watakuacha, kweli, lakini Tigoni utafika. Ya mbio yenye tairi za milimita 28 kwenye mizizi ya Karura ni pancha tu.

Kabla hujalipa, kodi moja palepale Karura uone kama mgongo unaikubali.