Hipnosisi kwa tumbo lisilosikia dawa: inachoweza kufanya na inapoweza kuumiza

Mdau wa Uyole, Mbeya, ameuliza kuhusu mdogo wake wa kike. Tumbo linamkata na kujaa gesi huu mwaka wa pili, leo choo kigumu, kesho anaharisha, na dawa za vidonda vya tumbo amemeza mpaka amechoka. Sasa kuna mtu maeneo ya Mwanjelwa anataka laki tatu taslimu amtibu siku moja kwa hipnosisi (kumwingiza mtu kwenye utulivu wa kina ili akili yake ipokee maagizo), na humo humo amfukulie kumbukumbu za utotoni zilizojificha ili chanzo kijulikane. Ampeleke?

Mkuu, kwa huyo mtu usimpeleke. Lakini tiba yenyewe usiitupe, maana kwa tumbo la namna hiyo ushahidi wake ni mzuri. Kinachonitia wasiwasi ni ahadi mbili alizotoa: siku moja, na kufukua kumbukumbu.

Kwanza hospitali. Tumbo linalokata na kubadilisha choo huku vipimo vyote vikiwa safi, mara nyingi shida yake ni mawasiliano kati ya utumbo na ubongo: utumbo unahisi kupita kiasi, gesi ya kawaida inaumiza kama kisu. Hapo ndipo hipnosisi inafanya kazi. Ila neno "safi" lithibitishwe: choo kimepimwa minyoo, amiba na damu iliyojificha? Wingi wa damu? Bakteria wa vidonda vya tumbo? VVU? Huku kwetu kifua kikuu cha tumbo nacho kisisahauliwe. Na kama anapungua uzito, ana homa za jioni, choo kina damu, au maumivu yanamwamsha usiku, asiguswe na mtu wa hipnosisi kabla daktari hajapata jibu. Hipnosisi inapunguza maumivu kweli, na ubaya wake uko hapo hapo: unaweza kunyamazisha maumivu ya uvimbe, ukapoteza miezi.

Sasa ushahidi. Mwaka 1984 Peter Whorwell na wenzake huko Manchester, Uingereza, waliwapima wagonjwa 30 wa tumbo hili ambao tiba za kawaida zilishindwa. Waliopata hipnosisi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata mazungumzo ya ushauri na vidonge visivyo na dawa. Leo mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaitaja kati ya tiba za kufikiriwa pale dawa zinapokuwa zimeshindwa kwa miezi 12. Inasaidia pia hofu ya daktari wa meno, watoto wanaochomwa sindano, na kubadilisha bandeji za majeraha ya moto. Kwa kuacha sigara ushahidi ni dhaifu, anayekuahidi hilo usimpe hela.

Siku moja haitoshi. Kawaida ni vikao 7 hadi 12, kimoja kwa wiki, kila kimoja kama dakika 45 hadi saa nzima, na nyumbani mgonjwa anasikiliza sauti iliyorekodiwa dakika 15 hadi 20 kila siku. Asiyefanya mazoezi ya nyumbani anaweza kupata kidogo. Tena watu hawalingani: kama 10 hadi 15 katika mia wanaingia kwa kina kabisa, idadi inayokaribia hiyo hawaingii karibu kabisa, waliobaki wako katikati. Mtaalamu mkweli anakuambia hivyo kabla hujalipa.

Kikao chenyewe hakina miujiza. Mgonjwa anaelezwa kwanza kwamba hatalala fofofo, atasikia kila kitu, atakumbuka mengi, na anaweza kufumbua macho na kusema "basi" wakati wowote. Maelezo haya yasirukwe, hasa kwa ndugu wa kanisani au msikitini wanaohofia kwamba kuna pepo linaalikwa. Mwenye hofu mwili unakaza, na mwili uliokaza hauingii. Anakaa kwenye kiti chenye pa kuegemeza kichwa, anakazia macho sehemu moja, anavuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa 6, kisha mtaalamu anahesabu taratibu kutoka 10 kushuka huku mgonjwa akilegeza taya, mabega, mikono, tumbo.

Halafu mgonjwa anaweka kiganja juu ya tumbo na kuambiwa ahisi joto likienea kutoka mkononi kuingia ndani. Kwa Mbeya, Njombe na Makete hapa pana kikwazo ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji: mwezi wa sita na wa saba mikono ni barafu. Ukimwambia mtu ahisi joto wakati vidole vimekufa ganzi, akili inakataa na kikao kizima kinaharibika. Madirisha yafungwe, mgonjwa afunikwe blanketi, ashike kikombe cha maji ya moto dakika kadhaa kabla ya kuanza. Mtu aliyetulia anasikia baridi zaidi, hata kama aliingia amejipasha.

Baada ya joto inakuja picha ya mto. Aliyekulia Tukuyu anaujua Kiwira: pale Kijungu maji yanazunguka na kuvuma, mbele yanatulia. Anayeharisha anaanzia kwenye vurugu na kuyapunguza mwendo hadi yatiririke polepole. Mwenye choo kigumu anaanza na maji yaliyoziba kwenye majani, anayafungulia njia. Wa Iringa mpe Ruaha Mdogo. Mgonjwa achague mto mwenyewe, na umuulize mapema kama kuna mtu wake aliyezama, la sivyo unamwingiza kwenye msiba bila kujua.

Kutoka ndiko wababaishaji wanakoharibu. Unahesabu 1 hadi 5, unarudisha nguvu mikononi na miguuni, unafuta kwa maneno kila agizo la uzito au ganzi, unamuuliza jina, siku, yuko wapi. Ukimkurupusha anaondoka na kizunguzungu, kichwa kinauma, au mkono bado mzito. Akae dakika kumi, anywe maji, asiendeshe gari wala kupanda bodaboda akiwa bado ana usingizi. Wachache wanalia ghafla au wanapata hofu katikati ya kikao. Hapo mtaalamu anaacha maagizo, anamtuliza kwa pumzi na kumrudisha taratibu. Asiyejua kufanya hivyo hana ruhusa ya kuanza.

Nije kwenye kumbukumbu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Chini ya hipnosisi mtu hapati ukweli zaidi, anapata uhakika zaidi. Ukimuuliza "nani amesimama karibu na kitanda?" tayari umeshamwekea mtu chumbani, na akili itampa sura. Atatoka akiapa kwamba amemwona. Mahakama Kuu ya California ilikataa ushahidi wa mashahidi waliopitishwa kwenye hipnosisi katika uamuzi wa mwaka 1982 kwa sababu hiyo. Sasa lete jambo hilo kwenye kijiji chetu, ambako lambalamba, wale waganga wanaosaka wachawi, wakipita tu wazee wanalala macho wazi. Binti anaumwa tumbo miaka miwili, anaambiwa chanzo kimefungwa utotoni, anafumbua macho na kumtaja shangazi au bibi yake. Sura hiyo huwezi kuifuta tena, na kuna mtu anaweza kuuawa. Mtu anayetangaza kufukua kumbukumbu ni hatari hata akifanya bure.

Wengine wa kuwekwa kando: mwenye kusikia sauti au kuona visivyokuwepo, mwenye kichaa cha kupanda na kushuka kilichochachamaa, aliyelewa. Aliyebakwa au kupigwa sana apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili tu. Na dawa za VVU, kifafa, kisukari, presha na pumu haziachwi hata siku moja kwa sababu ya hipnosisi. Anayekuambia uziache, ondoka ofisini mwake.

Kumchuja mtu ni rahisi: muulize angemtibu mgonjwa huyu kwa njia gani kama hipnosisi isingekuwepo. Daktari, mwanasaikolojia au muuguzi wa akili ana jibu. Asiye na jibu hana taaluma ya ugonjwa huo. Kama ni daktari, jina lake litakuwemo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika; kama anajiita tiba mbadala, aonyeshe usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mganga mkuu wa wilaya anaweza kukusaidia kuhakiki. Mlipe kwa kikao, kamwe si kwa mkupuo. Mdogo wako ana haki ya kuingia na ndugu wa kike, mlango usifungwe kwa ufunguo, na tumbo anashika mwenyewe kwa mkono wake.

Anzia idara ya afya ya akili hospitali ya rufaa ya kanda, beba majibu yote ya vipimo na karatasi ya wiki mbili: amekula nini, choo kilikuwaje, maumivu saa ngapi, hedhi lini. Uliza kama kuna anayefanya hipnosisi. Kama hayupo, aanze na mafunzo ya pumzi na kulegeza mwili kila jioni, apunguze maharage na soda kwa majaribio ya mwezi mmoja, na wamwandikie dawa ya mkazo wa utumbo badala ya boksi jingine la dawa za vidonda.