Oili ikivuja kwenye pikipiki ya zamani, weka spana chini kwanza

Ukikuta oili imedondoka chini ya pikipiki ya Kiingereza ya zamani, mkono wenyewe unakimbilia spana. Uzuie. Nina Triumph ya silinda mbili ya miaka ya 60, naiendesha humu humu Mwanza kwenye vilima na vumbi letu, na nati nyingi nilizokuta zimeharibika kwenye mashine za namna hii hazikuharibiwa na uzee. Ziliuliwa na watu waliotaka kuzuia oili kwa kukaza.

Bodaboda zetu za kila siku hubeba oili chini, ndani ya injini yenyewe. Triumph, BSA na Norton za enzi hizo ni tofauti: oili inakaa kwenye tangi lake pembeni, inashuka kwa mpira hadi kwenye pampu, inazunguka injini, kisha inarudishwa juu kwa mpira mwingine. Kwenye Triumph, njia hiyo ya kurudi ina tawi jembamba linalopanda kichwani mwa injini kulainisha roka, yaani mikono midogo inayosukuma vali. Viungo ni vingi, na kila kiungo kinaweza kuvuja.

Tena tone halidondokei pale linapotokea. Oili ya roka inateremka kwenye mapezi ya silinda, upepo unaisukuma nyuma, unakuja kuikuta chini ya gia boksi na kuilaumu gia boksi bure. Osha injini kwa brashi na mafuta ya taa, ikauke kabisa, kisha pakaa poda ya watoto kwenye kila kiungo. Iwashe ikiwa imesimama, ipate moto, angalia kwa tochi. Usipoona kitu ipeleke barabarani. Mimi huwa natoka nayo Igoma hadi Kisesa na kugeuza. Poda itakuchorea mstari mweusi. Ufuate kwenda juu.

Mara nyingi mstari unaishia kwenye roka. Pale utakuta nati ya kofia, na jicho la bomba limebanwa katikati ya washa mbili za kopa (pete bapa za kuzibia), moja kila upande. Kopa iliyobanwa na kutikiswa miaka mingi inakuwa ngumu, haijazi tena mikwaruzo ya chuma, oili inapenya. Ukizidi kukaza, washa haikubali. Kinachokubali ni hesi, ile mistari ya kujipinda inayoshika nati. Na hesi ya pale ikifa, hutafuti nati tu, unatafuta na kijiti cha roka chenyewe, kitu ambacho huwezi kukiokota dukani hapa mjini.

Dawa ni moto. Ning'iniza washa kwenye waya, ishike juu ya jiko la gesi, mahali penye giza kidogo ili uone rangi. Itabadilika rangi rangi, itafifia, halafu itaanza kuwa nyekundu iliyokolea. Hapo inatosha. Idumbukize kwenye maji. Watu wengi wanadhani maji yataifanya iwe ngumu, kwa sababu wameona wahunzi wakifanya hivyo kwa chuma cha kisu. Kopa haiko hivyo: hata ukiiacha ipoe yenyewe inalainika vile vile, maji yanasaidia tu kubandua ule weusi. Kisha laza msasa laini juu ya kipande cha kioo na uisugue taratibu kwa mzunguko, pande zote mbili, hadi ing'ae bila doa. Kabla ya moto ukiidondosha sakafuni inalia kama sarafu. Baada ya moto inatoa sauti butu. Uso wa jicho la bomba nao usiusahau, ukiwa na mkwaruzo upitishe msasani. Rudisha, kaza hadi ishike, ongeza kidogo tu, acha.

Kama washa zimeshaliwa sana, nenda maduka ya spea za malori. Mabomba ya dizeli yanatumia mtindo huo huo, kwa hiyo washa za kopa zipo. Beba ya zamani mfukoni ulinganishe tundu, maana ikipwaya itakaa upande.

Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, hapana. Silikoni, hapana pia. Inayobaki nje haina neno. Inayojikunja kwa ndani inakatika na kusafiri na oili, na vijia vya oili kwenye injini hizi ni vyembamba.

Usikubali pia nati ya "hii inaingia". Hesi nyingi za pikipiki hizi si za milimita, ni za inchi, na zenyewe ziko za aina kadhaa. Nati ya milimita inaweza kuingia mizunguko miwili ukafurahi, ya tatu inatafuna. Ikigoma kwa vidole, si yake. Bora mkerezaji wa Nyakato akuchongee nyingine kwa sampuli.

Bomba likipasuka shingoni, usimpelekee fundi wa kuchomelea mageti. Tafuta fundi wa friji. Mji huu una viwanda vya sangara na vyumba vya baridi, na mafundi wake wanaunga kopa kwa madini ya fedha kila siku. Kiungo chao kinavumilia mtetemo kuliko risasi ya kawaida.

Mipira ni rahisi: nunua ya kuhimili oili, ya kipenyo kile kile cha ndani. Ya maji inalainika na kuvimba. Mpira mzee kwa nje unaweza kuonekana mzima huku ndani ngozi imebanduka na kuziba njia, kwa hiyo mpira usioujua umri wake utoe tu.

Kuna uvujaji mmoja ambao viungo havina kosa. Pikipiki ikisimama wiki kadhaa, oili inaweza kupenya pampu polepole na kujaa tumbo la injini. Ukiwasha inatapika kila mahali. Angalia tangi kabla: kama kina kimeshuka na chini hakuna kitu, oili iko ndani. Ifungulie imwagike, kisha shughulikia vali ya pampu. Wapo wanaoweka koki kwenye mpira wa kushusha. Mimi siitaki, maana siku utakayosahau kuifungua ndiyo siku injini inakwama.

Ukishafunga kila kitu, hakikisha hukuchanganya mpira wa kushusha na wa kurudisha, na jaza oili ule wa kushusha kabla ya kuufunga ili pampu isivute hewa. Washa, fungua kifuniko cha tangi, chungulia. Oili inatakiwa irudi kwa mapigo, ikichanganyika na mapovu. Mapovu yasikutishe, upande wa kurudisha wa pampu ni mkubwa kuliko wa kupeleka. Usipoona kitu ndani ya dakika moja, zima.