Maswali ya Wasomaji: Fonti za "miaka ijayo" na bango lisilosomeka

SWALI: Habari za kazi wataalamu. Mimi ni dizaina hapa Mwanza, nina mteja anafungua duka la sola, anataka bango lenye maandishi ya kisasa kabisa, yani mtu akiona awaze vyombo vya anga. Nimemuwekea Orbitron, jina la duka limetoka kali sana, ila orodha ya bidhaa na namba ya simu kwa fonti hiyohiyo anasema hapasomeki, nimeongeza saizi bado analalamika. Shida iko wapi? Na hizi fonti asili yake ni nini?

JIBU: Ndugu yetu, fonti iko sawa, ila umeibebesha kazi ambayo haikutengenezewa. Orbitron ni ya Matt McInerney, ilitoka 2009, na ni fonti ya maandishi makubwa, majina na vichwa vya habari, basi. Hebu ikuze kwenye skrini uangalie O yake, utaona sio duara bali ni mraba uliolainishwa kona, alafu angalia D, C, U na G, zote zimekatwa kwenye umbo hilohilo. Kwenye jina lenye herufi sita au saba huo mfanano ndo unaleta ile raha, kila herufi inakaa kama kipande cha mashine moja. Lakini sisi tunasoma haraka kwa sababu herufi zinatofautiana, kwa hiyo ukijaza mistari kumi ya herufi zinazofanana hivyo jicho linapunguza mwendo, linaanza kukagua moja moja, na kwenye namba ndo balaa zaidi manake 5 inakaribiana na S na 8 inakaribiana na B. Kuongeza saizi hakuondoi hilo.

Umbo lenyewe limetoka mbali. Kule Turin, Italia, kwenye kiwanda cha Nebiolo kilichotengeneza herufi za kuchapia, Alessandro Butti na Aldo Novarese walitoa Microgramma mwaka 1952, herufi kubwa tupu, alafu 1962 Novarese akatoa Eurostile ambayo sasa ikawa na herufi ndogo pia. Zina ule mraba wa kona laini kama kioo cha televisheni za enzi hizo, ndo maana mpaka leo ukiziona unawaza mitambo na dashibodi. Na kabla yao kulikuwa na Futura ya Paul Renner, Mjerumani, iliyotoka 1927 kwenye kiwanda cha Bauer, Frankfurt, hiyo yenyewe ilifuata duara, pembetatu na mstari ulionyooka. Kile kibao walichokiacha wanaanga wa Apollo 11 mwezini mwaka 1969 kimeandikwa kwa Futura.

Sasa hapa nataka dizaina wenzangu mnisikilize vizuri, kwa sababu wengi wanadhani ukichukua bikari na rula unapata fonti. Hapana jamani! O ya duara kamili ukiipanga pembeni ya H yenye urefu uleule itaonekana fupi, kwa hiyo anayechora fonti anaizidisha kidogo juu na chini. Mstari wa kulala nao unaonekana mnene kuliko wa kusimama hata kama unene ni mmoja, inabidi apunguze. Kwenye Futura kuza herufi b uone pale tumbo linapoungana na mti, yani ule mstari wake wa kusimama, limekonda, la sivyo pangefanya doa jeusi. Kazi ya macho inashinda rula, na hapo ndo fonti nzuri inaachana na ya kubumba.

Na kuna jambo linatuhusu sisi waandika Kiswahili. Lugha yetu imejaa a. Kwenye Futura a ndogo ni duara na kijiti tu, ukiwa mbali au ikiprintiwa ndogo inasomeka o, kwa hiyo "kamba" inakuwa "komba" na "kasa" inakuwa "kosa". Kwa maelezo ya Kiswahili mimi natafuta fonti yenye a iliyopinda juu, mfano Noto Sans au Roboto. Kwa hiyo jina la duka liache na Orbitron, herufi kubwa, ziachie nafasi kidogo katikati zipumue, bidhaa na simu weka Noto Sans. Alafu kabla hujapeleka kwa wachapaji printi kwenye A4, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua za kutosha, umpe mtu ambaye hajaiona akusomee namba ya simu kwa sauti.

SWALI: Naprinti tisheti Mombasa, naweza kutumia Orbitron kwa tisheti za kuuza bila kulipia?

JIBU: Ndiyo, ndugu. Iko chini ya leseni huria ya shirika linaloitwa SIL, biashara unaruhusiwa, kwenye tisheti, stika, bango, popote, kinachokatazwa ni kuliuza faili la fonti lenyewe peke yake. Eurostile ni tofauti, hiyo ina wenyewe na leseni yake inanunuliwa, kwa hiyo ukiikuta bure kwenye tovuti za ovyoovyo usiishushe kwa kazi ya mteja, kwa sababu siku mwenye mali akiuliza anayeulizwa ni mteja wako ambaye hata hajui fonti ni nini.