Maswali na majibu: chuoni (madrasa), shuleni na tabia ya mtoto

Mwanangu yuko darasa la sita hapa Mikindani. Babu yake anataka aache shule ahifadhi msahafu kwanza, eti hesabu na sayansi ni mambo ya dunia tu. Nifanyeje?

Babu apewe heshima yake, lakini mtoto asitolewe shule. Imamu Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliweka tiba na hesabu katika fardhi kifaya: asipopatikana wa kuzijua, mji mzima unabeba dhambi. Hesabu aliitaja kwa ajili ya biashara, wasia na mirathi. Tena alisikitika kwamba watu wa zama zake walisongamana kwenye fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, huku miji mingine ikiwa haina tabibu ila asiye Mwislamu. Mweleze mzee taratibu baada ya swala, mtoto asiwepo. Muulize: nani atagawa mikorosho ya marehemu kwa nusu, robo na thumni kama sehemu hazijui? Kuhifadhi kuna alfajiri na baada ya alasiri. Wengi nimewaona wakiyaweza yote mawili.

Ustadhi anachapa sana. Mtoto wangu wa miaka minane anasingizia tumbo kila ikifika alasiri. Wazee wanasema bila fimbo hakuna adabu. (Mama, Newala)

Mama yangu, tumbo hilo ndilo jibu. Ibn Khaldun, mwanahistoria mzaliwa wa Tunis mwaka 1332, alieleza kuwa mtoto anayefunzwa kwa mabavu hujifunza uongo na hila ili kuukwepa mkono, na mwisho hiyo ndiyo inakuwa tabia yake. Mwoneni ustadhi faraghani, na mjomba wa mtoto awepo; kwetu kusini neno lake lina uzito. Asipobadilika, mhamishe chuo.

Nafundisha sekondari Lindi. Mwanafunzi anayeongoza somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu nimemkamata anaangalizia. Somo lina faida gani basi?

Mtihani unapima anachokijua kuhusu uaminifu. Uaminifu wenyewe, kwa maelezo ya Ghazali, huota kwa kurudia tendo: anayetaka ukarimu atoe, hata kwa kujilazimisha, mpaka mkono uzoee. Adhabu ya shule aipate. Kisha mkabidhi michango ya darasa, aihesabu mbele yako kila Ijumaa. Nawe, mwalimu mwenzangu, ukichelewa kipindi halafu ukasaini kuwa umewahi, wanakuona.

Msimu wa korosho nimtoe shule akaokote?

Jumamosi baada ya chuo, sawa. Siku ya shule hapana, hata mvua ikikaribia. Na akiokota, mpe chake.