CIF Dar inaishia bandarini, si Kigoma

Ndugu yangu wa Ujiji, hiyo bei ya mashine ya kukamua mawese uliyopewa na muuzaji wa China, "CIF Dar es Salaam" (yaani bei ya mzigo pamoja na bima na nauli mpaka bandari ya Dar), haikufikishii mzigo nyumbani. Nauli ya meli na bima ni zake. Ushuru, wakala wa forodha na lori mpaka Kigoma ni juu yako. Wengi huumia hapa: hasara inakuwa yako tangu mashine ipakiwe melini kule China. Ikiharibika baharini, wewe ndiye wa kuhangaika na bima, tena kwa kawaida ni ile ya chini kabisa, isiyofidia wizi. Mwombe bei ya DAP Kigoma (yaani muuzaji aufikishe mzigo mpaka Kigoma, gharama na hasara za njiani zikiwa juu yake) ulinganishe, ingawa ushuru bado utalipa wewe. Na kwenye profoma (ankara ya awali) aandike "Incoterms 2020", yaani kanuni za kimataifa zinazoeleza maana ya CIF na DAP, asikuzungushe.